Ncha ya Brashi

Ogwal alilowesha brashi kwenye kikombe cha maji, akaipitisha katikati ya midomo yake, kisha akaitoa haraka kama mtu aliyekutana na mwiba wa samaki.

"Hii nailoni," alisema. "Hapana danganya mimi."

Exaucée, mwenye duka, alimtazama mke wa mzee huyo. Adoch alitabasamu tu.

"Mletee zile nzuri, dada. Macho yamekwisha, lakini mdomo wake unaona."

Ni kweli yalikuwa yamekwisha. Presha ya macho ilikuwa imemwachia Ogwal mwanga wa dirisha na vivuli, basi. Lakini kabla ya hapo, tangu astaafu jeshini, alikuwa fundi wa kupaka rangi sanamu za askari wa plastiki, ndogo kama kidole. Kofia, vifungo, hata weupe wa jicho aliuweka kwa ncha ya brashi. Sasa alitaka kufanya kazi moja ya mwisho: platuni yake iliyoteketea kaskazini, askari mmoja mmoja, kila mtu na sura yake. Mama zao walikuwa wamealikwa kuja kuiona nyumbani kwake Luzira.

Exaucée akatoa boksi lililokuwa chini ya kaunta. "Hii iko nywele ya mnyama ya kweli, papa. Mkia ya kicheche, ya kule kwenye baridi. Kamata."

Ogwal aliminya kibati kilichoshika nywele, akahakikisha hakichezi. Akalowesha brashi, akaikung'uta, akaigusisha mdomoni. Nywele zilijikusanya zenyewe zikawa ncha moja. Akaipinda kwenye ukucha wa gumba, ikarudi wima. Uso wake ukalainika, akamgeukia mkewe kwa lugha yao.

"Adoch, hii ina tumbo. Brashi isiyo na tumbo haishiki rangi, inakauka kabla hujafika jichoni. Mbaya ningeijua hata usingizini."

"Ndiyo maana tumefuata nzuri, Baba Amito."

Exaucée alipokuwa akizifunga, Adoch aliomba na vanishi pia, ile ya maji isiyo na rangi. Chupa kadhaa.

"Na rangi, mama? Nyekundu? Kijani ya jeshi?"

"Za nyumbani zinatosha."

Kuanzia hapo, kila alasiri, Adoch alimwekea mumewe meza dirishani. Ogwal aliita, naye akamsogezea kisahani mkononi.

"Kijani."

"Hii hapa."

"Sasa ngozi. Kahawia iliyokolea, huyu alikuwa mweusi kweli."

"Hii."

Kila uso aliupapasa kwanza kwa ukucha, akatafuta pua, akatafuta mdomo, ndipo akaigusisha brashi, pumzi ameizuia. "Huyu ni Ojera," alisema siku moja. "Alikuwa na pengo. Alicheka hata tulipokuwa handakini tunalala na njaa."

Adoch aliinama, akatazama. "Umempata. Pengo linaonekana kabisa."

Mzee akacheka mpaka akalazimika kufuta macho. Jioni sanamu zilifunikwa kitambaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru hivyo. Hakutaka mtu azione nusunusu.

Kazi ilipokaribia kwisha, Adoch aliuliza, "Na Okwera?"

Okwera alikuwa mdogo wake Adoch, kitindamimba wa mama yao, na alikuwa wa platuni hiyo hiyo. Siku ya shambulio alitupa bunduki akakimbia. Ogwal akaamuru apigwe risasi kabla hajaufikia mto.

"Mtoro simpaki."

"Alikuwa na miaka kumi na tisa."

"Wote walikuwa watoto. Wengine walisimama. Nipe nyeusi."

Adoch akampa. Ogwal akachovya, akainamia meza, akaendelea na kazi. Baadaye, kama mtu aliyehisi amesema kwa ukali, alimtafuta mkono.

"Afadhali macho yameisha nikiwa na wewe. Mwingine angeshanichoka."

"Nyamaza, tia nguvu kwenye kazi," Adoch alisema, akampangusa kidevu.

Jumamosi ya mwaliko mama za askari walifika, wengine kwa basi kutoka Gulu na Lira, wamevaa nguo za kanisani. Sebule ikajaa mpaka mlangoni. Ogwal alisimama wima ndani ya gwanda lake la zamani, medali kifuani. Akaashiria tu kwa mkono, na Adoch akavuta kitambaa.

Ogwal alingoja. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia, na mwingine, na kilio kikapita sebule nzima. Aol, mama yake Ojera, alisogea hadi mezani. Ogwal akasikia nyayo zake.

"Nani huyo?"

"Mama Ojera."

"Umemwona, mama? Umeona anavyocheka?"

Aol alitazama meza. Alimtazama Adoch, na Adoch hakukwepesha macho. Kisha akautazama uso wa mzee, ulioinuliwa, unaongoja kama uso wa mtoto.

"Nimemwona, afande," alisema mwishowe, akaziba mdomo kwa leso.

"Na wengine? Niliyapata macho yao?"

Adoch akamshika mumewe mkono, akaubana kwa upole.

"Wanalia, Baba Amito," alimnong'oneza. "Wote wanalia."

Ogwal akatabasamu, akakaza mgongo, akawapigia saluti askari wake: safu kwa safu za plastiki ya kijivu, zisizo na jicho wala mdomo, zisizo na hata tone moja la rangi.