Chombo cha Buluu

Mzee Shekuwe aliikuta mashine mpya kwenye ukumbi wa michezo ya video, toleo jipya la mchezo wake wa kutungua maadui wa angani. Akaanza kama alivyozoea: akaacha mwale wa maadui unaoteka vyombo uvute chombo chake kimoja, ili akikomboe baadaye, viwili vipigane bega kwa bega.

“Siku hizi hakikombolewi, mzee wangu,” akasema Nyamvula, mwenye ukumbi. “Kikishatekwa ni adui. Kipige, umebakiwa na kimoja tu!”

Chombo kilichotekwa kilishuka kikimmiminia risasi, buluu yake ileile.

“Huyu tumetoka naye mbali,” alisema Shekuwe.

Akatoa kidole kwenye kitufe cha risasi, akakisogeza chombo cha mwisho hadi chini ya mwale uleule uliokiteka cha kwanza. Kikaanza kupanda.