Pijo ya Mwalimu Kheri

Kamera ya maegesho ya supamaketi haijui salamu. Inajua dakika thelathini tu; ukizidisha, unapigwa picha na faini juu yake. Siwema alishapigwa mara moja. Leo alibakiza dakika nne, injini imeshawaka, mzee mmoja mwenye mfuko wa sukari akasimama mbele ya gari.

"Hii si pijo ya Mwalimu Kheri?"

"Ndiyo. Shikamoo mzee. Mimi bintiye."

"Marahaba, mwanangu. Mazikoni kwake nilikuwepo. Mimi Mbaruku. Kabla ya hilo dude la picha huko juu, mlinzi wa magari hapa nilikuwa mie. Baba yako akiingia humo, saa nzima anabishania bei ya mkate, duka lenyewe halipunguzi! Mie huku nalifuta gari mpaka unajiona meno."

Siwema akacheka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Leo nalipeleka kwa aliyelinunua."

Mbaruku akaweka sukari chini. Akachomoa kitambaa mfuko wa nyuma. Kazi ilikwisha miaka mitatu iliyopita, kitambaa bado anatembea nacho.

"Basi nilifute mara ya mwisho. Lisiende kwa watu na vumbi."

Siwema akaitazama kamera, akamtazama mzee, akazima injini.

Mbaruku alianza na kioo cha mbele, taratibu, akashuka hadi kwenye taa. Hapo akatulia, kitambaa mkononi, akautazama mlango wa duka kama anayemngoja mtu atoke.