Mapigo ya Mguuni

Daktari alibonyeza kidole juu ya mguu wa kushoto wa Bibi Eliakunda, akitafuta mapigo ya damu.

Miezi sita nyuma, hapo palikuwa kimya kabisa. Siku ile daktari alimweleza kwamba uzeeni mwili huweza kuwa na uvimbe wa ndani usioonekana, usiopoa, nao huchangia mishipa ya damu kuziba. Ndiyo maana mguu ulimkaza kila alipopanda mlima kwenda kwenye shamba lake la tangawizi, kijijini Mamba. Akampa dawa, akamwagiza atembee kila siku. Tangu hapo bodaboda alizipungia mkono tu zipite, akaenda kwa miguu.

"Mama, yapo!" Daktari akashika kidole cha bibi, akakiweka pale pale. "Sikiliza."

Chini ya ngozi iliyochakaa, kitu kidogo kiligonga. Kikagonga tena. Eliakunda alicheka hadi waliokuwa kwenye foleni wakachungulia mlangoni.

Kisha akakitazama kitambi cha daktari.

"Vua kiatu, mwanangu. Na wewe tukusikilize."

Daktari akavua huku akicheka. Eliakunda akainama, akabonyeza, akasogeza kidole, akabonyeza tena.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "wewe huwa unatembea kweli?"