Mama wa Bwana Harusi

"Piga honi basi, utaua mtu!" Mintarsih alipiga kelele, mikono yote miwili imeng'ang'ania dashibodi.

Togar alicheka. Alikuwa kijana wa nchini kwao, mtu wa mji wa Medan, mwenye mabega mapana na ulimi laini, aliyempokea uwanja wa ndege huku ameshika kadibodi yenye jina lake. "Phnom Penh honi haisikilizwi na mtu, Mama. Unaingia tu, watakupisha."

Akaingia tu. Pikipiki zikaja kutoka mbele, kulia na kushoto, moja imebeba mlango wa kabati, nyingine watoto watatu na bata. Magari yote yalikwenda upande usio wake. Mintarsih alifumba macho. Alikuwa na miaka hamsini na sita, hajawahi kutoka nje ya nchi, na tayari aliuchukia mji huu. Hata kusoma jina la duka hakuweza. Herufi zao zilijikunja kama mizizi.

Lakini mwanawe alikuwa anaoa. Danang alipiga simu baada ya kimya cha miezi, sauti imekauka, akasema amepata mchumba wa hukuhuku na tiketi ameshalipa. "Njoo peke yako, Mama. Usiwaambie watu kwanza." Mintarsih alilia kwa furaha, akashona kebaya mpya, blauzi ya sherehe ya kwao, akaja.

"Kwa nini hakunipokea mwenyewe?"

"Yuko kazini. Kazi yetu ya simu, ukiinuka kidogo tu bosi anawaka. Nipe pasipoti yako, Mama, nikuandikishie polisi. Mgeni lazima aandikishwe."

Akampa, tena akamshukuru.

Togar hakuwa na haraka. Alimpeleka ukingo wa mto, akamwagizia tambi za mchuzi wa samaki.

"Hamna nguruwe humu?"

"Samaki mtupu. Kula."

Alionja akiwa amekunja uso. Alimaliza bakuli, akaomba la pili. Jua lilikuwa limepoa. Kando ya mto wanawake wa rika lake, wengine vibibi kabisa, walijipanga mbele ya spika na kuanza kucheza, mikono juu, viuno kushoto, viuno kulia.

"Hawaoni haya?" Mintarsih aliuliza, na mguu wake ukiwa umeshaanza kugonga chini.

Bibi mmoja asiye na meno ya mbele alimwona, akamfuata, akamvuta mkono. Mintarsih alikataa, akakataa tena, kisha akajikuta katikati yao, kitambaa cha kichwa kimelegea, akikosea kila hatua na kucheka kama msichana. Tangu azike mume hakuwahi kucheka hivyo. Alirudi mezani akihema.

"Unajua, nilikuwa nimeuchukia mji huu."

"Na sasa?"

"Sasa namwona mjukuu wangu akikimbia pale. Danang akiniambia nibaki, nabaki."

Togar aliutazama mto. "Utabaki, Mama." Kisha akasema, "Una sauti nzuri. Mtu akikusikia anatulia."

"Mimi ndiye msomaji wa matangazo ya misiba kwenye redio ya mtaa wetu," alisema, amejaa fahari. "Wanaume waliofiwa na wake zao hunipigia simu, wanataka tu niongee nao."

"Bosi atakupenda sana."

Walitoka mjini. Nyumba zilipungua, mashamba ya mpunga yakawa makavu, kisha ukajitokeza ukuta mrefu na ghorofa nyuma yake.

"Mbona nyaya nyingi hivyo juu ya ukuta?"

"Wezi, Mama."

"Lakini zimeinamia ndani."

Togar aliongeza mwendo. Mintarsih aliingiwa na hofu. Ugeni tu, alijiambia.

Geti lilifunguka nusu, na hofu yote ikamtoka, kwa maana Danang mwenyewe ndiye aliyesimama pale. Alikuwa amekonda mpaka shati linamning'inia. Alipomwona mama yake akapiga magoti vumbini, akaibusu mikono yake, akaiweka usoni.

"Nisamehe, Mama."

Mintarsih alielewa. Hivyo ndivyo mtoto wa Kijava anavyomwomba mzazi radhi kabla ya kuoa. Alimshika kichwa, machozi yakimdondokea mwanawe kwenye nywele.

"Nimekusamehe yote, mwanangu. Ya zamani na yajayo. Nenda na baraka zangu."

Danang hakuinua uso. "Tangulia ndani, Mama. Wanakusubiri."

"Na mkwe wangu yupo?"

"Tangulia."

Alijifuta machozi, akanyoosha sketi, akapita getini akitabasamu ili wakwe wasimkute analia. Nyuma yake chuma kilikwaruza chuma. Aligeuka.

Mlinzi, naye mtu wa kwao, alikuwa akimrushia Danang pasipoti yake mwenyewe kupitia upenyo. "Mtu kwa mtu, tumemalizana. Potea."

Danang aliingia kwenye gari la Togar, akaketi pale alipoketi mama yake, akafunga mlango.

"Danang!"

Gari liliondoka taratibu, bila honi.

Ndani hapakuwa na harusi. Palikuwa na ukumbi mrefu, meza zilizobanana, na makumi ya watu wakinong'ona kwenye simu bila kuinua vichwa, wakiwabembeleza wasiowajua watume pesa. Msichana mmoja mwenye jicho lililovimba alimvutia kiti, akamkalisha, akampangusa vumbi begani kwa upole wa binti.

"Usilie, Mama, watatupiga sote," alimnong'oneza kwa lugha ya kwao. Kisha akainama karibu zaidi. "Nyumbani umebakiza mtoto mwingine?"