Doa la Tatu

"Hizi wamezisuuza kwa maji ya mfereji!" Mzee Ergash alifoka, akiinua ukanda wa negativu kwenye taa ya studio. "Chokaa tupu usoni mwa watu. Mohira, binti yangu, wa kuziokoa ni wewe tu."

Zilikuwa za harusi. Kaka wa bibi harusi, mtu wa Kattakurgan, mji wa jirani, alipiga picha na kuzisafisha mwenyewe nyumbani, kisha akazileta Samarkandi madoa yamemshinda.

Mohira aliuloweka ukanda kwenye maji yenye matone ya siki, akausuuza kwa maji ya betri yasiyo na chokaa, akapitisha pamba polepole. Negativu hazikumsumbua, ingawa humo cheupe huonekana cheusi. Alizisoma sura humo kama asomavyo jina lake.

Doa la kwanza likatoka. Bwana harusi alikuwa Shuhrat, mume wake.

Miaka miwili yuko Urusi kutafuta riziki, bila barua wala salamu. Kumbe yuko hapa jirani, anaoa! Mohira aliumia, lakini machozi yaliyomtoka hayakuwa ya Shuhrat. Yalikuwa ya Sanobar, mama mkwe wake.

Kwa ajili ya mama huyo alikataa kazi nzuri Tashkent. Angemwachia nani? Kila jioni mama humkatia kipande laini cha mkate na kuapa, "Akirudi huyo mpotevu nitamtoa kwa ufagio. Mwanangu ni wewe." Hata mwezi uliopita, alipokwenda Bukhara wiki nzima kutibiwa miguu, alirudi na halua ya mkwewe.

"Nitamwambiaje?" Mohira alinong'ona. "Habari hii itamuua."

Doa la pili likatoka: bibi harusi, midomo wazi, analishwa asali. Doa la tatu lilifunika uso wa mwanamke aliyemlisha, na kwa desturi kazi hiyo ni ya mama wa bwana harusi.

"Tazama, mzee, wamekodi mama wa bandia! Shuhrat hana haya kabisa. Mama yake mzazi kamnyima hata asali ya harusi."

Mzee Ergash aliinama, akatazama.

"Hilo liache, binti. Halitoki."

"Halitoki vipi, na siki ipo?"

Akapitisha pamba mara mbili.

Mama Sanobar alikuwa anacheka, asali imemchuruzika mpaka kiganjani.