Blanketi la Dirishani

Kidawa alipanda juu ya stuli akaanza kung'oa blanketi jeusi dirishani. Kwa miaka thelathini mumewe Shomari alilinda kiwanda cha pamba usiku, na blanketi hilo ndilo lililompa usingizi wa mchana. Sasa alikuwa amestaafu mwezi mzima, lakini usiku bado alikodoa macho, na ikifika saa sita mchana alisinzia.

"Usiku unalinda nini humu, mume wangu? Panya?"

"Mwili haujui kama nimestaafu. Nami nilitaka tulale pamoja, kama ule mwaka tuliooana," Shomari alijibu kutoka kitandani.

Kidawa alichukua nyundo. Kisha akaligongomea blanketi upya, akapanda kitandani.

"Sogea huko," alisema gizani.

Uani, kuku walikuwa wakiukaribia ungo wa mchele aliouacha Kidawa juani.