Nyumba Isiyouzika

"Wamemkataa," Todd, dalali wa nyumba, alisema kwenye simu. "Na huyu naye."

Milton Zucker aliinua simu juu ili mtalaka wake asikie kutoka chumbani. Harriet akatokea mlangoni na kitana mkononi.

"Sababu?"

"Bodi haitoi sababu, Bi Harriet. Si unalijua jengo lako?"

Alilijua. Lilikuwa jengo la ushirika, karibu na Bustani ya Kati, na bawabu wake alivaa glavu nyeupe hata wakati wa joto. Humo hununui nyumba. Unanunua hisa, na bodi ya majirani inakuhoji kama kijana aliyekuja kuposa. Wakikukataa, ndiyo basi. Walikwisha kumkataa mpiga piano, mwenye mbwa, asiye na mbwa, na sasa mjane wa balozi, ambaye hata Milton alikiri kwamba hana doa.

"Watu wabaya hawa," alisema Harriet.

"Washenzi," alisema Milton.

Lilikuwa jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Talaka ilikuwa imetoka tangu majira ya baridi, na hakimu aliamuru nyumba iuzwe, wagawane, kila mtu ashike njia yake: Harriet kwa dada yake Florida, Milton kwa mtoto wao New Jersey. Mpaka iuzwe, ilibidi wabanane katika chumba kimoja na sebule. Harriet alichukua chumba, Milton akachukua kochi, na katikati ya friji ukapita utepe mwekundu, maziwa ya huku na maziwa ya kule. Ukimuuliza Milton waliachania nini, angekwambia dirisha, ambalo Harriet hulifungua hata theluji ikianguka. Harriet angekwambia kijiko, ambacho Milton hukigonga kikombeni kila asubuhi kama anayeita watoto darasani.

Baada ya wiki mbili Todd alileta mnunuzi mwingine, daktari wa meno ya watoto aitwaye Anjali Raman. Hakuwa na mbwa, hakuwa na piano, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisimama dirishani, akatazama matangi ya maji juu ya mapaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapa pangemfaa sana.

"Huyu wakimkataa," Todd alinong'ona jikoni, "mimi naacha kazi, nakwenda kuuza magari."

Siku ambayo daktari angehojiwa na bodi, nyumba nzima iliamka ikinukia mdalasini. Todd ndiye aliyewafundisha hilo: oka keki, mnunuzi akiingia anuse, ajione yuko kwao. Tangu hapo Harriet hakuacha kuoka. Milton alinyoosha mkono.

"Wee! Si yako hiyo."

"Ya nani sasa? Mnunuzi keshaiona nyumba."

"Ya watu. Kula mkate wako, uko upande wako."

"Mwanamke mchoyo Mungu anamwona."

"Na mwanamume mlafi anamwona vizuri zaidi, maana ni mpana."

Milton alicheka kabla hajakumbuka kwamba wameachana. Alipotoka kuoga, keki haikuwepo tena mezani. Alidhani imefungiwa chumbani, kwa kuwa Harriet hakuwahi kumwamini na kitu kitamu.

Mchana, Harriet alipokwenda saluni, Milton alivaa tai. Hakupanda lifti, kwani mwendesha lifti alikuwa na mdomo. Alipanda ngazi hadi kwa Bi Prudence Whitlock, mwenyekiti wa bodi, bibi mkavu aliyevaa lulu shingoni tangu kifungua kinywa.

"Bwana Zucker," alisema Bi Whitlock. "Tena?"

"Tena." Milton aliketi bila kukaribishwa. "Mkatae daktari."

"Yule binti ni dhahabu. Ningekuwa na mtoto wa kiume ningemposea."

"Najua, na roho inaniuma. Dhambi niandikie mimi."

"Mkeo anajua unakuja huku?"

"Mtalaka wangu. Hapana! Tafadhali, usimwambie. Anaingoja Florida kama mtoto anavyoingoja sikukuu. Akijua atanila nyama."

"Basi mwache aende."

Milton alizungusha kofia yake magotini. Alikuwa ametengeneza saa maisha yake yote, na saa hazitaki maneno ya moyoni.

"Kwa mwanangu nitapewa chumba changu na runinga yangu," alisema. "Mkwe wangu ni mpole. Wajukuu wana adabu. Wote wataniheshimu, Bi Whitlock." Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha. "Sasa nani atanigombeza?"

Uso wa Bi Whitlock haukubadilika. Wengi jengoni waliamini hauwezi.

"Nenda kwa amani, Bwana Zucker. Daktari nitamwombea nafasi jengo la jirani, nina rafiki kwenye bodi yao. Hapa hapati."

"Lakini bado hamjamhoji."

"Niliamua tangu asubuhi."

Milton alimbusu mkono na kushuka ngazi akipiga mluzi. Alipofika mlangoni kwake aliukunja uso, tayari kwa habari mbaya za jioni.

Bi Whitlock alifunga mlango, akarudi jikoni, akajikatia kipande kingine cha keki ya mdalasini. Ilikuwa ingali vuguvugu Harriet alipomletea asubuhi, akaketi kwenye kiti kilekile, akalia, na kuuliza akienda Florida atamgombeza nani.